Dobi wa Nabii

Wifi yangu ni dobi, na doa likimshinda yeye, basi nguo hiyo itupe tu. Mume wangu alikuwa kaka yake wa pekee. Mimi na wifi hatukuwa tunaiva chungu kimoja, ila kwenye imani tulisimama pamoja: tangu mtaa ulipohamia kwa Nabii, sisi hatukumfuata.

Watu walimpigia magoti, jamani, mtu anayekula na kupiga chafya kama sisi. Walikuja hadi uani kwa wifi kugusa joho la Nabii, ambalo wifi ndiye aliyekuwa akilifua, likiwa kambani. Wifi hakuinama, lakini wala hakuwakemea. Aliendelea kuanika nguo.

Mara mume wangu naye akaenda. Nabii akamwambia kumeza vidonge vya presha ni kukosa imani, akaviacha. Niligomba, nikalia. Akanijibu, "Mama watoto, usinitie shaka."

Nikamkimbilia wifi. "Zungumza naye. Wewe anakusikiliza."

"Namwombea," alisema huku anasugua kola. "Tukimkaba tutampoteza."

Wiki ya tatu mume wangu alianguka bafuni. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi wifi aliniita uani. Alitoa karatasi ya vidonge kwenye mfuko wa joho la Nabii. Vilikuwa vilevile vya presha, nusu vimeshamezwa.

"Nabii anavyo siku zote," alisema. "Hata siku ile uliyokuja kulia hapa, nilikuwa nimetoka kuvirudisha mfukoni. Dobi hatangazi ya mfukoni mwa mteja, wifi."

Nilitaka kumzaba kofi.

Siku hizi anatangaza. Joho limepelekwa kwa dobi mwingine, na wifi anasimama njiani kumweleza habari za vile vidonge kila anayekwenda kwa Nabii. Wanamcheka, eti ana kinyongo cha kunyang'anywa kazi. Jana mmoja alimtemea mate. Wifi alikuja kwangu gauni lake likiwa na madoa ya mate, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama mimi namwamini.

"Nakuamini," nikasema. "Na kaka yako angekuamini. Angevimeza siku ileile."

Alivuta shati la marehemu ambalo sijapata moyo wa kulifua, akaanza kukagua mifuko, kama afanyavyo kabla ya kufua.