Ndoo Yangu ya Konokono

Nimefundisha biolojia zaidi ya miaka ishirini kwenye shule ya sekondari, lise moja ya Ngagara, na sijawahi kukosa la kusema juu ya watu wanaoharibu mito. Niulize tu. Nitakushika mkono njiani nikueleze mpaka usahau ulikuwa unakwenda wapi. Ndiyo maana inanibidi nianze na ndoo.

Nyumbani tulikuwa na tangi la kioo la samaki. Rafiki aliyehama mji aliniachia, pamoja na majani yake ya majini, na kwenye majani hayo kulikuwa na mayai ya konokono ambayo mi, mwalimu wa biolojia, nilidhani ni uchafu. Baada ya miezi michache konokono walijaa mpaka samaki hawaonekani. Ni wadogo, rangi ya chai, na hata mmoja akibaki peke yake anataga. Mama watoto akaniambia nichague, wao au yeye. Nilimchagua yeye, lakini kuwaua nikashindwa. Moyo laini, bwana. Jumapili moja kabla ya misa nikawabeba kwenye ndoo mpaka kijito cha Mutanga Nord, nikawamwaga polepole ili wasiumie. Nilikwenda kusali nikijiona mtu mwema sana.

Kijito hicho ndicho nilichomfundishia binti yangu kugeuza mawe, miaka mingi kabla ya tangi. Alikuwa na miaka sita. Unageuza jiwe taratibu, unatazama chini yake, unalirudisha lilivyokuwa. Tulikuta wadudu bapa wa mikia mitatu, wengine waliojijengea vijumba vya mchanga, na vikonokono vya kwetu, vidogo kama punje za mtama. Alikuwa hataki kurudi nyumbani.

Akakua, akaingia chuo kikuu, na memwari yake ya kumaliza masomo akaamua kuiandika juu ya wadudu hao hao. Kichwa kilinivimba. Nikajitolea kumbebea nyavu. Siku ya kwanza aligeuza jiwe. Akageuza la pili, la tatu. Kote konokono wa rangi ya chai, na mayai yao kwenye ute. Niliwatambua pale pale, kama mtu anayeona shati lake kwenye kamba ya jirani.

"Hawa si wa hapa, papa," alisema. "Wanamaliza ule utelezi wa kijani juu ya mawe, wadudu wetu wanakosa chakula. Na maji yakichafuka, wao hawajali. Nani aliwaleta?"

"Watu," nilisema. "Mutu hana akili, anamwaga chochote kwenye maji." Nikaendelea hivyo karibu nusu saa. La kusikitisha ni kwamba nilisema vizuri.

Kilichosalia kilikuwa kipande kimoja cha juu, ng'ambo ya kizingiti cha zege kilichokata kijito. Konokono walikuwa hawajakipanda. Huko wadudu wa mikia mitatu walikuwa bado tele, na binti yangu alikuwa akiwahesabu kwa sauti ya chini, kana kwamba angewaamsha. "Wakifika huku, basi," aliniambia. "Hakuna pengine." Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kuvuka kizingiti, buti zisuguliwe kwa brashi. Nilimcheka. Nikamwambia nilianza kugeuza mawe yeye hajazaliwa.

Mwezi wa pili wa kazi yake, Jumamosi ya jua kali, uvivu ukaniingia. Yeye alikuwa ameshatangulia. Nilichovya buti majini mara moja tu, nikapanda. Nilikuwa nimesimama katikati ya kidimbwi cha juu nikimweleza namna ya kushika wavu, alipotazama mguu wangu. Kwenye mkunjo wa buti walikuwa wamejibana konokono wawili.

"Papa, simama hapo. Apana kutikisika."

Alipiga magoti kwenye maji, akawabandua kwa vidole, mmoja, kisha wa pili, akawatia kwenye kichupa. "Walikuwa wawili tu?" aliuliza. Sikujua. Alianza kupapasa mikunjo ya buti upya, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli, si hii ninayoichekea sasa. Nikiwa bado nimesimama pale na mguu mmoja juu, nikamwambia yote: tangi, majani, ndoo, misa.

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Alitoa daftari.

"Ndoo nzima?"

"Robo tatu."

"Mwaka gani?"

Nikamwambia, akaandika.

"Na ile hotuba yote, papa, ya mutu hana akili?"

"Mi nilikuwa najua ninachosema."

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa mkono uliolowa. Tuligeuza mawe ya kidimbwi kile moja moja mpaka alasiri. Hatukuona konokono. Lakini mi niliwahi kuishi na mayai yao sebuleni nikidhani ni uchafu, kwa hiyo macho yangu si ya kutegemewa.

Memwari ameshaitetea. Jopo la walimu lilimuuliza konokono walitoka wapi, akajibu: mkazi mmoja wa mji aliwamwaga kwa huruma. Nilikuwa safu ya kwanza, nimevaa suti, nikatikisa kichwa kumsikitikia mkazi huyo.

Kila mwisho wa mwezi bado tunakwenda. Mi sivuki kizingiti, hata nikiwa miguu mitupu; ni amri yake. Nakaa juu ya zege, buti pembeni, nimeshika taulo lake. Yeye anapanda peke yake, anageuza jiwe taratibu, anatazama chini yake, analirudisha lilivyokuwa. Nami nasubiri kuambiwa.

Mwezi uliopita aligeuza mawe manne, akayarudisha. Kwenye la tano aliinama sana, nikaona mgongo wake tu.

"Wapo, papa. Wa mikia mitatu."