Mafiga ya Kijitoni
Watu wa Kimuli walimwita Kokuberwa Mama Mawe, naye jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye ulimi wa pilipili. Ukipita na jiwe kichwani, atakusimamisha alitue, aligonge kwa kinyundo alichoachiwa na marehemu mumewe, Rwezaura. Ukimwambia una haraka, ndiyo kwanza anakaa chini. Mimi nilimchoka kabla hata sijamzoea. Lakini nasema wazi: bila bibi yule nisingekuwa na ndoa.

Rwezaura alichimba madini ya bati kwenye machimbo ya Kyerwa, na domo alikuwa nalo. Kila jioni alimsimulia mkewe jiwe gani limemtoa jasho, lipi limepasuka lenyewe, na msimamizi wao amesema limetoka wapi. Mke akayaweka yote kichwani. Mume alipokufa kwa kifua, Kokuberwa akaanza kuwachagulia wanawake wenzake mawe ya kusagia ulezi na mafiga ya jikoni. Walimpa mkungu wa ndizi, na ukimpelekea mkungu mdogo unarudi nao.

Mimi Adelgunda niliolewa pale kutoka Igurwa, miaka michache baada ya Vita ya Hitla. Katika ukoo wa mume wangu, Kyomukama, bibi harusi akishatolewa ndani huwasha moto wake wa kwanza kwenye mafiga mapya, mbele ya wakwe na wageni. Figa likipasuka siku hiyo, basi nyumba imemkataa, anarudishwa kwao. Misa tulikwenda kila Jumapili, na jambo hilo tuliliogopa vilevile.

Mafiga huletwa na bwana harusi. Wangu, Mungu amsamehe uvivu wake, hakupanda mlimani. Alishuka kijitoni akaokota mawe matatu laini, ya kupendeza. Nikawasha moto. Ndizi hazijachemka, figa moja likalipuka, chungu kikapinduka, maji yakazima moto. Mama mkwe wangu, Kemirembe, hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na nguo zangu zote zimefungwa kifurushi, akakiweka mlangoni. Nilijua nimekwisha. Nilimfikiria baba yangu atakavyoniona nikirudi.

Kokuberwa alikuwa kati ya wageni, anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akatua kibuyu, akaokota kipande cha figa, akakilamba. Watu wakacheka. Akauliza limetoka wapi. Kyomukama akajibu kwamba ni la kijitoni, amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Basi bibi akaanza, na ukimwanzisha hanyamazi. Akatuonyesha mistari kwenye kile kipande. Akasema jiwe hilo lilikuwa tope tu. Mvua hushusha udongo na mchanga bondeni, tabaka juu ya tabaka, la juu likikandamiza la chini miaka na miaka mpaka vinakuwa jiwe. Lakini kati ya tabaka na tabaka maji hupata pa kujificha, na ukiyapasha moto yatatoka kwa nguvu. Mawe ya kusagia nayo mengi yalianza kama mchanga, ila hayo yalifukiwa chini sana, yakabanwa na kuokwa humo hadi yakageuka, punje zikashikana zisiachane tena. Na yale ya mlimani yenye kumetameta yaliwahi kuyeyuka kama uji ndani kabisa ya ardhi, yakapoa polepole mno, ndiyo maana punje zake unaziona kwa macho. Hayo yamezaliwa na moto, kwa hiyo moto hayauogopi. Ndiyo ya mafiga.

Mama mkwe akasema hayo ni maneno ya machimboni, hapa ni nyumbani kwa watu.

"Sawa," akasema Kokuberwa. "Leteni mengine ya kijitoni. Na moto auwashe Kemirembe mwenyewe."

Mbele ya wageni angekataaje? Akawasha. Tukasogea nyuma, tukayatazama yale mawe. Moto ukakolea, mawe yametulia tu. Nikaanza kulia, Kokuberwa akanikaripia, akaniambia kama ni kulia nitalilia njiani. Hajamaliza kusema, jiwe likapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka mpaka kwenye vibuyu vya rubisi.

Bibi akajipangusa majivu taratibu.

"Haya, Kemirembe. Na wewe tukurudishe kwenu?"

Kisha baba mkwe, mzee Muhangi, ambaye tangu nifike sikuwahi kuyaona meno yake, akaangua kicheko, akashika mbavu, na ua mzima ukamfuata. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilitaka kumkumbatia bibi yule, nikaogopa atanifukuza.

Kyomukama alitumwa mlimani papo hapo. Aliporudi anatweta, Kokuberwa aligonga jiwe moja moja, akasikiliza, akalikataa moja, akamrudisha tena. Sikumwonea huruma.

Nilipokuwa nawasha moto mara ya pili, mama mkwe alikichukua kifurushi changu pale mlangoni. Nikageuka kuchungulia. Alikuwa ndani, amekifungua, anazitundika nguo zangu kwenye kamba moja baada ya nyingine.