Pasikali na Injini Isiyozimwa

Pasikali wa Kumsenga alikuwa na kazi iliyotamaniwa na wanaume wote wa kijiji: aliendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Jembe hakushika. Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, na mkewe Winifrida humwuliza, "Baba Esteri, nikusongee ugali au nikusonge wewe mwenyewe?"

Kasoro yake moja. Akishaiwasha injini asubuhi, haizimi mpaka jua lizame. Wateja wawepo, wasiwepo, inanguruma tu. Oili ikawa nyeusi kama lami kabla ya siku zake. Kuku wa jirani wakaacha kutaga. Ukimwuliza, anakujibu kama daktari: "Injini ikipoa, chuma kinajikunja. Ukiwasha tena unakikunjua kwa nguvu. Kuzima na kuwasha ndiko kunaua mashine."

Sisi tumbo la injini hatujawahi kuliona. Tukaamini.

Wanawake nao walisaidia kuimaliza dizeli. Mashine ile humeza unga wa mtu wa kwanza. Vibaba kama viwili hivi vinabaki ndani, na anayefuata anavipata bure. Basi nani awe wa kwanza? Wamekaa ukutani, vikapu vya makopa, mihogo mikavu, miguuni, kila mmoja mpole kama mtawa.

"Tangulia, Mama Nestori, una watoto wadogo."

"Aa, mimi sina haraka. Maximilla atangulie, katoka mbali."

"Ndiyo maana napumzika," anasema Maximilla, ananyoosha miguu.

Saa nzima hivyo. Injini inasaga hewa.

Mwaka wa sabini na saba, pipa la dizeli la kutosha miezi miwili likakauka siku ya thelathini na nane. Wanawake wakarudi kwenye vinu, wengine wakabeba vikapu mpaka mashine ya Murungu. Mwenyekiti wetu, Bazilio, akamwita Pasikali mbele ya kamati. Mimi nilikuwa mjumbe.

"Ndugu Pasikali, pipa lijalo likikauka kabla ya lori la dizeli kuja, unarudi shambani. Mashine ikikosa mteja, zima."

"Itakufa, Mwenyekiti."

"Ikifa tutaizika. Dizeli imekufa na hata matanga hatukukaa."

Pipa jipya likaja. Kesho yake kamati tukaenda kuangalia. Wanawake wanabembelezana kama kawaida, injini inanguruma. Bazilio akanyoosha kidole: zima. Pasikali akaisogelea, akarudi nyuma. Akaisogelea tena. Jasho likachora mistari kwenye unga wa usoni.

Winifrida alikuwa hapo na kikapu chake. Akasema taratibu, kama anayeomba chumvi, "Baba Esteri, waonyeshe mkono."

Pasikali akakunja mkono wa shati. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Mwaka wake wa kwanza kazini, hendeli ya kuwashia ilirudi nyuma ikampiga, mfupa ukavunjika, akauficha ndani ya mashati ya mikono mirefu asije akanyang'anywa kazi. Tangu hapo aliwasha huku anasali, na sala moja kwa siku ilimtosha. Chuma hakikujikunja hata kidogo. Aliyejikunja ni Pasikali.

Nikacheka. Maximilla akanikanyaga mguu.

"Yeye anaogopa hendeli, sisi tunaogopa kuwa wa kwanza," akasema. "Hapa nani amcheke mwenzake?" Akanyanyua kikapu. "Leo natangulia mimi. Kesho Mama Nestori. Keshokutwa Winifrida, mke wa mwendesha mashine asijifiche."

Ikawa zamu. Injini haiwashwi mpaka vikapu kumi na viwili viwe kwenye mstari, na kikiisha cha mwisho inazimwa. Hendeli tukaishika sisi wajumbe, Pasikali anatufundisha: "Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake. Mimi nilikizungusha upande wa pili, mkaona." Siku ya tatu akatuona tunavyohangaika, akatusukuma pembeni, akaiwasha mwenyewe.

Lori lilifika siku ya sitini na mbili. Bazilio akaligonga pipa, bado lina kitu chini. Akamwambia Pasikali aendelee na kazi yake. Pasikali kwa furaha akaizima injini palepale, kuonyesha kwamba haogopi tena.

Kimya kikashuka. Na kwa kuwa wanawake walizoea kupaza sauti kuishinda injini, kila mtu akasikia vizuri sana walichokuwa wanasema kuhusu suruali ya Mwenyekiti.

"Pasikali," akasema Bazilio, "washa."