Jinsi Nilivyostaafu Kuwalinda Wajerumani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeusi la kutosha watu wawili, nikapanda treni pale Fittja, mtaani kwetu Uswidi, kwa madaha ya waziri. Wadogo zangu mnaotafuta kazi ya likizo, msikilizeni mstaafu: kulinda jumba la makumbusho ni kusimama. Unasimama kwenye kona inayoona milango yote miwili, na mgeni akisogeza kidole karibu na turubai, yaani kile kitambaa kilichopakwa rangi, unakohoa. Kukohoa ni nusu ya taaluma.

Mkuu wa zamu alinipa chumba cha michoro ya Wajerumani wa karne ya kumi na tisa. "Hapa hakiibwi kitu," alisema. "Usisinzie tu."

Mchoro wangu ulikuwa mkubwa kama mlango: matope, gari la farasi limejaa masanduku, kijiji kizima kimetoka kuaga wasafiri. Juu ya ua wa mbao kakaa kijana anakula mkate, kawapa wote mgongo. Nilimpenda. Tulichoka pamoja.

Jumatano akaja bibi yangu. Visa yake ilikuwa inaisha, kesho yake anarudi Bujumbura, na kwa magoti yale mabovu hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kusema tutaonana tena. Aliusogelea mchoro hadi nikakohoa.

"Kohoa taratibu, mume wangu, utavunjika mbavu. Yule juu ya ua anaumwa?"

"Ana njaa, Bibi."

"Wenzake wanasindikiza, yeye anatafuna!" Akacheka, kisha akanipangusa bega. "Najua kesho una kazi."

Hakunilaumu. Ndiyo maana iliniuma. Nikamfuata mkuu wa zamu, nikamwomba ruhusa ya asubuhi.

"Sina mtu mwingine," akasema. "Wazazi wako hawampeleki uwanja wa ndege?"

"Wanampeleka."

"Sasa wewe wa nini?"

Nimeishi Uswidi tangu kuzaliwa, lakini jibu la swali hilo nilikuwa nalo kwa lugha ya Bibi tu. Nikavua koti, nikamkabidhi. Mpaka leo simwoni kama mtu mbaya. Chumba kilihitaji mlinzi, na mimi nilihitajika kwingine.

Kesho yake, uwanjani Arlanda, Mama alikuwa analia, Baba anatazama saa. Bibi akanivuta sikio. "Hawa wameshaanza matanga. Wewe nichekeshe."

Nikamwigiza mkuu wa zamu akikuta chumba hakina mlinzi, na Wajerumani wote wameshuka mchoroni kutafuta choo. Bibi akacheka hadi foleni nzima ikageuka. Akapita ukaguzi, akapotea nyuma ya watu. Nilikuwa simwoni tena, lakini kicheko nilikisikia bado.