Mlango wa Chumba cha Tatu

Mimi ni seremala, na nyumba yangu nimeijenga kwa mikono hii: vyumba sita, ua katikati, bomba moja. Milango yote sita niliichonga mwenyewe. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili ujue kwamba hakuna aliyejua kuing'oa kunishinda.

Sisi wenye nyumba tuna ujanja wetu. Mpangaji akichelewesha kodi humfukuzi, maana kufukuza kuna kelele na macho ya majirani. Unakwenda asubuhi na bisibisi, unamwambia mlango umevimba, unaubeba ukaupige randa. Kisha unasahau kuurudisha. Siku ya tatu au ya nne, mtu mwenyewe anatafuta mkokoteni wa kubebea godoro. Wenzangu waliniita nikawafanyie na wao, kwa kuwa nilimaliza kabla chai haijapoa. Wakanipa jina la Bawaba, nami nikalipenda, mjinga mimi.

Ilipotoka rasimu ya sheria mpya ya nyumba za kupanga, tulikutana sebuleni kwangu, watu tisa na vikombe vinane. Mengi yalitukera: mikataba ya maandishi, notisi ya miezi mitatu, kodi kutopanda bila kibali.

"Nijenge mimi, anipangie mtu asiyejua hata bei ya saruji!" alifoka mama mmoja mwenye ghorofa, ambaye tunamwita Bosi. Na hapo sikuwa na ugomvi naye, kwani saruji ninaijua.

Lakini kifungu cha kumi na nne kilisema mwenye nyumba atakayeondoa mlango au bati ili mpangaji ahame, atashtakiwa. Kiliposomwa, kila mtu alianza kutazama vidole vyake.

"Hicho akisemee Bawaba mbele ya kamati ya kukusanya maoni," Bosi akaamua. "Fundi akisema milango huharibika, nani atambishia?"

"Na twende na mpangaji wa kutusemea," akadakia mke wangu. "Mama Pacha wa chumba cha tatu. Mpole, hana makuu."

Nilipaswa kukataa. Mwaka uliotangulia, pacha mmoja alipolazwa hospitali na kodi ikakwama, mlango wa Mama Pacha niliung'oa mimi. Ilikuwa msimu wa mvua. Alitundika shuka, na kila asubuhi nilipopita kwenda bombani alitoa kichwa akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nami nikaitikia marahaba, bila haya, kama mtu mwenye heshima zake. Sasa mke wangu alipomtaja, niliitikia kwa kichwa.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa shule. Nilieleza jinsi mbao zinavyokunywa maji na kuvimba, na kwamba fundi mwema asifanywe mhalifu kwa kutengeneza mali yake. Wenzangu walinipigia makofi. Kisha akasimama Mama Pacha, mkoba kifuani.

"Mzee wetu ni mtu mwema," alisema. "Mlango wangu ulikuwa mbovu, akautoa kwenda kuutengeneza. Siku tisa tu."

"Siku tisa?" aliuliza mwenyekiti, mama mwenye miwani mizito.

"Tisa. Mvua ilikuwepo, lakini hakututupa. Kila asubuhi alipita, tukasalimiana."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Ningeiona ningepata nafuu. Haikuwepo. Alikuwa na hofu tu, anakilinda chumba cha wanawe kwa maneno aliyofundishwa na mke wangu jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, mlango huo ulikuwa na kasoro gani hata ukala siku tisa?"

Uongo ulikuwepo tele: mchwa, fremu kupinda, komeo. Bosi alikuwa ananikazia macho kutoka mstari wa mbele.

"Haukuwa na kasoro," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ulikuwa mzima. Niliuegemeza ukutani chumbani kwangu, nikawa natundikia koti. Nilitaka ahame."

"Bawaba, umetuua!" Bosi alipiga kelele.

Mwenyekiti alingoja ukumbi utulie. "Na kuupachika tena, ulipotaka, kulichukua muda gani?"

"Dakika kumi."

Aliandika. Nilikaa, na mwenzangu wa kulia akasogeza kiti chake. Sikumlaumu. Mzee mzima, mwenye wajukuu, nimemnyima mtoto mgonjwa mlango kwa kazi ya dakika kumi, kisha nimemleta mama yake anisifie. Hata machozi niliyaonea aibu kuyatoa.

Nilimkuta Mama Pacha nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, lakini akaniwahi.

"Mzee, mimi sikukuchomea. Nilisema vilevile nilivyoambiwa."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye—"

"Basi naomba univumilie mpaka watoto wafunge shule."

"Nikuvumilie nini?"

Alinitazama kama anayedhani namjaribu, kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mpaka wafunge shule, mzee. Tutahama wenyewe. Mlango usiutoe."