Mtawa Aliyeshika Komeo

Kitabu hicho nilikipata Kitale, nyuma ya soko, kwa muuzaji aliyekuwa akitandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa karani wa ofisi ya kilimo Bungoma. Kila nilipokwenda kumwona mama yangu huko Kiminini, nilipitiliza kwanza hadi Kitale kuchakura turubai lile. Mara nyingi niliambulia vitabu vya sala vya lugha nisizozijua. Siku hiyo nikaona jalada lenye picha ya mtawa kando ya lango, nikakichukua bila kukifungua.

Ilikuwa riwaya. Tauni imeingia mjini, na watawa wamekatazwa kumfungulia mtu yeyote. Usiku mmoja mwanamume anabisha na kumwambia mtawa wa lango kwamba yeye ni kaka yake, yule aliyesemekana alifia vitani. Mtawa anashika komeo. Hapo ndipo kurasa ziliishia. Zilizobaki zilikuwa zimechanwa.

Nilimsimulia mama tukipukuchua mahindi. Yeye hakuwa msomaji, ila Misa hakuikosa, na hadithi za watawa alizipenda.

"Sasa alifungua?" akauliza.

"Sijui, mama. Kurasa hazipo."

Akaacha kupukuchua. "Unaniletea vipi hadithi haina mwisho?"

Nilirudi Kitale kumuuliza muuzaji. "Madam, zinakuja hivyo kwa gunia," akasema. "Mimi sichani." Nikaanza kuulizia kila mahali. Paroko wetu Bungoma hakukijua kitabu hicho, ila alinielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa karibu na Mabanga. Alisema mzee huyo alikuwa na vitabu vingi kuliko parokia nzima.

Nikamwendea Jumamosi moja. Nilipomweleza kisa cha mtawa, alitabasamu, akaelekeza kidole kwenye rafu ya juu. Kitabu kilikuwepo, jalada jingine, kurasa zote zimo. Macho yake yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kusoma.

"Naomba tu nione mwisho, Mwalimu," nikasema.

"Hapana. Utanisomea kuanzia mwanzo."

"Lakini mwanzo nimeshausoma."

"Umeusoma ukikimbilia langoni, binti yangu. Keti."

Nikaketi, nikiwa nimekasirika kidogo. Mkewe aliniletea chai, nikaanza kumsomea Mwalimu kwa sauti, yeye amefumba macho. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena. Ningeweza kuchungulia mwisho alipokuwa akisinzia, na tamaa hiyo nilikuwa nayo, lakini kadiri tulivyosoma nilianza kufurahia mwendo wa hadithi yenyewe.

Siku moja tulifika mahali mtawa anapokumbuka utoto wake. Kaka yake alikuwa na kigugumizi. Hata jina la dada yake lilimchukua muda kulitamka. Nilisoma sentensi hiyo nikaipita. Mwalimu akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kisha nikakumbuka mtu wa langoni alivyozungumza: maneno yalimtoka moja kwa moja, bila kukwama hata mara moja.

"Kwa hivyo si kaka yake," nikasema.

"Na mtawa?"

"Alijua. Alijua kabla hajashika komeo."

Mzee alicheka kwa furaha. Nami nikaona kwamba wiki zote hizo nilikuwa nikijiuliza swali dogo. Swali kubwa lilikuwa hili: kama alijua ni mwongo, kwa nini alilishika komeo?

Mwisho tuliusoma mvua ikinyesha. Mtawa anafungua. Anamwita mgeni kwa jina la kaka yake, anampa uji na mahali pa kulala, wala hamwulizi lolote. Kulipokucha mgeni mwenyewe anakiri kwamba alikuwa na kaka wa mtawa vitani, na huko ndiko alikolisikia jina la dada huyo. Nilifunga kitabu, mke wa Mwalimu akaja kuwasha taa.

Nilipompelekea mama mwisho huo, alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Alijua anadanganywa, na bado akampa uji?"

"Ndiyo, mama."

"Na tauni je? Hakuwafikiria wale wenzake ndani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, mama akiwatetea watawa waliolala, mimi nikimtetea yule wa lango. Hatukuelewana.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea Mwalimu hoja ya mama. Akasema huyo mama yangu anafaa kusomewa vitabu vingine. Kisha akaniambia nichukue kitabu kinene kilichokuwa chini kabisa ya rafu, kisa cha mmisionari aliyepoteza imani yake na akaendelea kubatiza watu. Nilikipangusa vumbi, nikatafuta ukurasa wa kwanza.