Aliyemmiminia Dobi Kikombe cha Kwanza

Hospitalini kila mtu alimwita Dobi, hata madaktari, na yeye hakuona ubaya. Alifua shuka na mapazia ya wodi katika chumba cha nyuma kilichojaa mvuke, mikono imebabuka kwa dawa ya madoa. Alikuwa na maneno. Akipokea shuka za wodi ya wazazi husema, "Hizi zimetoka kupokea wageni, tusiziburuze." Wenzake walicheka mpaka wakaegemea mashine.

Mumewe alikuwa fundi magari, mtu wa watu, mpole barabarani. Nyumbani mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka wa pili wa ndoa alimgonga kichwa ukutani kwa sababu ya chakula kilichopoa, na tangu hapo sikio la kushoto halikusikia sawasawa. Baadaye mume aliona haya. Akatoka, akarudi na chupa ndogo ya pombe kali, akammiminia kwenye kikombe cha chai.

"Kunywa kidogo," alisema, sauti imelainika. "Maumivu yatapungua, utalala."

Dobi hakuwahi kuonja pombe maishani. Akanywa, na kweli akalala.

Alipopigwa tena, alijinunulia mwenyewe. Mwishowe hakungoja hata kupigwa. Akisikia tu ufunguo ukitafuta kitasa, aliifuata chupa. Mtaa ukamjua kwa harufu, na fundi akapata la kusema kijiweni: "Mke mwenyewe mlevi vile. Ingekuwa nyinyi mngefanyaje?"

Dobi alikwenda kumlilia dada yake mkubwa, mpishi wa shule. Dada alimsikiliza nusu, akamwambia, "Mdogo wangu, ndoa zote zina yake. Wewe acha pombe kwanza." Dobi hakumwambia tena jambo.

Kisha akapata mimba, akaenda kliniki, akapimwa, akaambiwa ana virusi vya Ukimwi. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba akimeza dawa kila siku ataishi, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Akamwomba aje na mumewe. Dobi alisubiri siku ambayo fundi alirudi anapiga mluzi. Hakumaliza hata alichotaka kusema. "Umevitoa wapi?" fundi alimuuliza, na Dobi hakuwa amemjua mwanamume mwingine ila yeye. Mimba ilitoka kwa kipigo kile. Dawa zilimwagwa chooni, na kupima fundi akakataa katakata.

Basi dawa alizopewa tena, Dobi akazificha kazini, katika kabati la chuma la sabuni. Alimeza kila alipoingia zamu. Siku za mapumziko alikaa bila. Hali ikaenda hivyo mpaka msimamizi alipomkuta amelala juu ya rundo la shuka chafu, ananuka pombe. Alimfukuza na kumnyang'anya ufunguo wa kabati palepale. Dobi aliona aibu kusema kilichokuwa ndani.

Aliporudi kliniki baada ya miezi mingi, gauni lilikuwa linamning'inia, na vipimo vilionyesha virusi vimepanda sana. Muuguzi safari hii alikuwa mkali. "Mama, unapenda pombe kuliko uhai wako."

"Ndiyo, samahani," Dobi akajibu, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa fupi.

Wakati huo walikuwapo watafiti waliotaka kujua kwa nini wanawake wengine wanaacha dawa. Dobi akaombwa kuzungumza nao, akakubali. Aliingizwa katika chumba kidogo kilichokuwa stoo. Mhojaji alikuwa binti ambaye Dobi angeweza kumzaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nigombeze, nimeshazoea."

Binti hakumgombeza. Aliuliza habari za kazi, za ndoa, kisha akasema, "Pombe ya kwanza kabisa, mama, ulipewa na nani?"

Watu wote walikuwa wakimuuliza ataacha lini.

"Mume wangu," Dobi alisema. Na yote yakatoka: ukuta, kikombe, mimba, kabati la sabuni. Binti aliweka kalamu chini. Alipomaliza kusikiliza, alimpeleka mwenyewe kwa mshauri, na njiani akamuuliza kama ana ndugu.

"Nina dada."

"Anajua?"

"Anajua ninakunywa."

Kutoka pale Dobi alinyoosha moja kwa moja mpaka jikoni shuleni. Dada alikuwa anasugua sufuria kubwa. Alisikiliza yote safari hii, huku anasugua mahali palepale.

"Kumbe ni yeye aliyekuanzishia," alisema. "Nami nikakwambia uache pombe kwanza. Leta nguo zako, uje kwangu."

"Sina cha kuleta, dada."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Fundi alikuja kumdai. Dada alisimama mlangoni. "Shemeji, kama una neno, niambie mimi." Fundi alitukana, akaondoka, na haukupita muda akaweka mwanamke mwingine katika chumba kilekile alichoishi na Dobi.

Dobi hakupona kama watu walivyotarajia. Kazi hakurudishiwa. Dawa alimeza mbele ya dada, na virusi vikashuka polepole, lakini pombe ilimrudia mara kwa mara, na dada aliwahi kumwokota mtaroni, wote wawili wanalia.

Siku moja akiwa hajalewa, alikwenda kumwambia yule mwanamke mpya akapime. "Mlevi wewe," mwanamke alijibu, akafunga mlango.

Walikutana tena mwaka uliofuata, kwenye benchi la kliniki. Yule mwanamke alikuwa mjamzito, mtandio ameuvuta kufunika jicho moja.

"Umepima?" Dobi aliuliza.

"Nimepima." Kisha akauliza: "Nikimwambia, atanifanya nini?"

Dobi akamsogelea kwenye benchi.

"Usimwambie mkiwa peke yenu," alisema. "Njoo kwa dada yangu. Leo."

"Nitafikiria, mama."

Dobi akaitwa ndani kwa muuguzi. Alipotoka, benchi lilikuwa tupu. Alitoka mpaka getini, akatazama barabara pande zote mbili, asimwone.